Kabla ya Jiwe la Kwanza: Ofisi ya Kikundi na Afya ya Mtoto

Kama uko jikoni, endelea na kazi yako huku ukisikiliza. Kama unanyonyesha, keti vizuri, uegemeze mgongo, mtoto anyonye na wewe usikie.

Leo tutazungumza juu ya jambo ambalo huenda ukashangaa kulisikia katika kipindi cha afya. Tutazungumza juu ya kujenga ofisi. Utauliza, ofisi na afya ya mtoto wangu zinahusianaje? Ngoja kidogo, mama. Tutafika.

Huku kwetu Mbooni kikundi si jambo geni. Tangu zamani watu wa hapa walifanya kazi kwa mwethya, yaani kwa kusaidiana shambani kwa zamu. Yale matuta yanayozuia udongo usiteremke vilimani, mengi yalichimbwa na mikono ya akina mama. Hadi leo, ukitoka Kikima hadi Tawa, ukateremka mpaka Kalawa, utapata vikundi vya kuweka akiba, vya miche, vya mabwawa, vya kulea mayatima. Sasa kikundi kikikua huanza kutamani ofisi yake. Pahali pa kuweka vitabu. Pahali pa mikutano. Chumba ambapo mhudumu wa afya ya jamii anaweza kupima watoto uzito.

Hapo ndipo kamati huitwa. Fundi huja. Ramani huchorwa. Lakini mara nyingi mama haulizwi lolote juu ya ramani hiyo. Mama huitwa siku ile ya kubeba maji ya kuchanganyia saruji.

Neno letu la leo ni hili: mama, nenda kwenye mkutano wa ramani. Usingoje mkutano wa kufungua jengo. Ofisi inayoheshimu mazingira ni ofisi inayolinda afya ya watu wake, na mambo mengi ya afya huamuliwa kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa. Ukuta ukishasimama, kuhamisha dirisha ni gharama. Choo kikishachimbwa karibu na kisima, kukihamisha ni gharama zaidi, na ugonjwa huwa umeshaingia.

Tuyachukue mambo haya moja baada ya jingine.

JAMBO LA KWANZA: MCHANGA UTATOKA WAPI?

Swali hili ni la kwanza kwa sababu ndilo linalosahauliwa. Ofisi ya mawe na saruji hutaka mchanga mwingi. Huku kwetu mchanga uko karibu, uko mtoni. Lori likija, vijana wanapakia, kazi inaendelea.

Lakini wewe mama unayechota maji unajua siri ya mto wetu. Mwezi wa Agosti mto ni mkavu juu. Hakuna tone. Hata hivyo ukichimba mchanga kwa mkono na kibuyu, maji yanatoka. Mchanga ndio tangi letu. Mvua ikinyesha, maji huingia katikati ya chembe za mchanga na kukaa humo. Yakishateremka chini kidogo, jua haliyapati kwa urahisi. Mbu hapati pahali pa kutaga mayai. Mchanga wenyewe huyachuja kwa kiasi fulani, ingawa bado ni lazima uyatibu kabla ya kunywa.

Hebu tufanye hesabu ndogo. Lori la tani 7 hubeba kama meta 4 na nusu za ujazo za mchanga. Kwa makadirio ya chini, robo ya nafasi inayojazwa na mchanga wa mto inaweza kuwa maji. Robo ya meta 4 na nusu ni zaidi ya lita 1,000. Hiyo ni mitungi 50 ya lita 20. Kwa hiyo lori moja likiondoka na mchanga, limeondoka na nafasi ya kuweka mitungi 50 ya maji. Wala si ya msimu mmoja tu. Kila mvua itakaponyesha, nafasi ile haitakuwapo mpaka mto ulete mchanga mwingine.

Mchanga ukiisha na mwamba ukabaki wazi, nani atakayetembea mbali zaidi na mtungi mgongoni? Si fundi. Si mwenye lori. Ni wewe, na pengine binti yako atakayechelewa shuleni. Na maji yakipungua nyumbani, kitu cha kwanza kuachwa ni kunawa mikono. Kisha kuhara kunaanza. Hapo sasa umeona jinsi jengo linavyoingia tumboni mwa mtoto.

Ndiyo maana watu wa Ukambani wamejitahidi sana kujenga mabwawa ya mchanga. Kule Kitui, shirika la SASOL pamoja na wanakijiji walijenga mamia ya mabwawa haya kuanzia miaka ya 1990. Upande wa Machakos na Makueni, vikundi vya kujisaidia vimefanya kazi hiyo hiyo kwa miaka mingi. Na mwaka 2015 Kaunti ya Makueni ilipitisha sheria ya kuhifadhi na kutumia mchanga, ikaunda mamlaka ya kuisimamia. Kwa hiyo kuzoa mchanga popote unapotaka si kosa la mazingira tu. Ni kuvunja sheria.

Basi kikundi kifanye nini? Kwanza, ulizeni fundi ni lori ngapi za mchanga zitahitajika, na zitatoka wapi. Swali hili liandikwe kwenye kitabu cha kumbukumbu. Mchanga ununuliwe pale tu panaporuhusiwa, kwa kibali. Usitolewe karibu na bwawa la mchanga, wala karibu na pahali watu wanapochota maji.

Pili, chagueni ukuta unaokula mchanga kidogo. Kuna matofali ya udongo yanayoshindiliwa kwa mashine ya mkono. Udongo huchukuliwa chini ya ule wa juu wenye rutuba, unachekechwa, unachanganywa na saruji kidogo, kisha unashindiliwa. Matofali haya hayachomwi. Hufunikwa, hunyunyiziwa maji kwa siku kadhaa, yakakauka taratibu kivulini. Mengine yameundwa kushikana yenyewe, kwa hiyo saruji na mchanga wa kuunganishia hupungua sana. Linganisha na matofali ya kuchoma, ambayo tanuri lake hutaka miti mingi. Miti ile ndiyo inayoshika udongo wa vilima vyetu.

Si kila udongo unafaa. Kuna jaribio rahisi. Tia udongo nusu chupa ya kioo, jaza maji, tikisa vizuri, kisha uache chupa itulie hadi kesho yake. Changarawe na mchanga hukaa chini, udongo laini juu yake, na mfinyanzi juu kabisa. Mfinyanzi ukizidi sana, tofali litapasuka. Mchanga ukizidi sana, litamomonyoka. Fundi anayeijua kazi hii atawaambia udongo wenu unahitaji kuongezwa nini.

Msingi bado utahitaji zege, na mchanga kidogo utatumika. Hatusemi msitumie hata punje. Tunasema mjue mnatumia kiasi gani, na ni maji ya nani.

JAMBO LA PILI: UPEPO NA MWANGA

Sasa ukuta umepata tofali. Je, utaelekea wapi?

Sisi tuko karibu sana na ikweta. Jua huchomoza mashariki, hupita karibu na utosi, hutua magharibi. Jua la asubuhi na la alasiri huwa chini, nalo hupiga ukuta wa mashariki na wa magharibi moja kwa moja. Kwa hiyo jengo liwe refu kutoka mashariki kwenda magharibi. Kuta zake ndefu zitazame kaskazini na kusini, na huko ndiko madirisha mengi yawekwe. Zile kuta fupi za mashariki na magharibi ziwe na madirisha machache, au zipate kivuli cha mti. Paa litokeze nje ya ukuta, au kuwe na baraza. Kwa njia hiyo mama anayengoja na mtoto hataungua na jua, wala hatanyeshewa.

Madirisha yatazamane, moja upande huu na jingine upande ule, ili upepo upite. Juu karibu na paa kuachwe matundu yenye wavu, maana hewa moto hupanda juu. Ikipata njia itatoka, na hewa baridi itaingia chini. Mabati matupu bila dari hugeuza chumba kuwa tanuri saa nane mchana. Wekeni dari, na mabati yawe ya rangi nyeupe au nyingine isiyokolea, kwa kuwa rangi nyeusi hunywa joto.

Mama, hewa hii si raha tu. Ugonjwa wa kifua kikuu husafiri hewani. Mtu mwenye kifua kikuu ambaye hajaanza matibabu akikohoa ndani ya chumba kilichofungwa, vijidudu hubaki vikielea, na watoto wadogo huvivuta. Chumba chenye upepo unaopita huviondoa. Kwa hiyo mkutano ukianza, madirisha yafunguliwe hata kama kuna baridi ya Julai kule juu milimani. Jifunikeni leso, lakini madirisha yawe wazi. Na yeyote mwenye kikohozi kisichokoma aende kituo cha afya apimwe. Dawa za kifua kikuu hutolewa bila malipo katika vituo vya serikali.

Labda mtu atasema, hayo ni mambo ya kimaskini, ofisi ya kweli huwa na mashine ya kupoza hewa. Mwambieni habari za Gigiri, Nairobi. Mwaka 2011 Umoja wa Mataifa ulifungua huko jengo jipya la ofisi za mashirika yake mawili, lile la mazingira na lile la makazi. Jengo hilo lilipangwa kwa wafanyakazi wapatao 1,200. Halikujengwa kwa kutegemea mashine za kupoza hewa. Hewa huingia kupitia madirisha, hupanda katika ua mrefu wa katikati, na kutoka juu. Mwanga wa jua huingia hadi ndani. Paa limetandazwa vioo vya sola vya kuzalisha umeme, na maji ya mvua hukusanywa.

Na kule Harare, Zimbabwe, kuna jengo kubwa liitwalo Eastgate, lililokamilika mwaka 1996. Msanifu wake, Mick Pearce, alijifunza kutokana na kichuguu cha mchwa. Vichuguu tunavyo hapa kwetu, tunavipita kila siku tukienda shambani. Jengo lile hupitisha hewa ya usiku yenye baridi katika kuta na sakafu, ili mchana lisipate joto kali. Ikiwa watu wenye fedha nyingi wanajifunza kwa mchwa, sisi tuone haya ya nini?

(Muziki mfupi)

JAMBO LA TATU: PAA NI SHAMBA LA MAJI

Karibuni tena. Tulikuwa tunazungumza juu ya paa. Paa la ofisi linaweza kuvuna maji, na hesabu yake ni rahisi. Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya meta moja ya mraba ya paa, hupati tone zaidi wala pungufu ya lita 1.

Tuseme ofisi yenu ina upana wa meta 10 na urefu wa meta 12. Hizo ni meta 120 za mraba. Tuseme mwaka umekuwa wa wastani, mvua ikafika milimita 600. Maji yaliyoanguka juu ya paa ni lita 72,000. Ondoa sehemu ya tano, kwa kuwa mengine humwagika au hukauka. Zinabaki lita 57,600, ambazo ni mitungi 2,880. Haba na haba hujaza kibaba.

Lakini maji hayo yanahitaji pahali pa kukaa. Tangi la lita 10,000 hujaa paa hilo likipata milimita 105 hivi za mvua. Kisha jua la katikati ya misimu huanza. Ukiyagawa maji ya tangi hilo kwa siku 150, unapata kama lita 66 kwa siku. Ni mitungi mitatu. Hiyo inatosha maji ya kunywa na ya kunawa mikono ofisini. Haitoshi kumwagilia bustani na kuosha magari. Kwa hiyo pangeni matumizi mapema. Msisahau miaka ya 2020 hadi 2023, misimu mitano ya mvua iliposhindwa mfululizo katika sehemu kame za nchi yetu. Tangi moja zaidi ni bora kuliko lango la fahari.

Gata zisafishwe kabla ya mvua za Oktoba na kabla ya mvua za Machi. Maji ya mvua ya kwanza yaachwe yamwagike, maana yanaosha vumbi na kinyesi cha ndege. Tangi lifunikwe kabisa, na kila tundu liwe na wavu ili mbu asiingie. Lisimamishwe juu ya msingi imara, na mfereji wake uwe na njia ya kupitisha maji yanayomwagika ili pasiwe na dimbwi. Na maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa ya kutibu maji, kisha yawekwe kwenye chombo safi chenye kifuniko na mfereji.

Kuhusu paa kuna onyo moja kubwa. Wakati mwingine kikundi hupewa bure mabati makuukuu ya majengo ya zamani. Yaangalieni. Yale mazito ya kijivu, yasiyo ya chuma, yanayovunjika kama kigae, huenda ni ya asbestosi. Vumbi la asbestosi likivutwa huingia ndani kabisa ya mapafu na kubaki humo. Huweza kuleta saratani, na ugonjwa hujitokeza baada ya miaka 20, 30 au hata zaidi. Msiyapokee. Kama yapo tayari juu ya nyumba mnayotaka kubomoa, msiyavunje, msiyakate kwa msumeno, wala watoto wasiyachezee. Mwulizeni afisa wa afya ya umma. Kuyaondoa ni kazi ya watu waliopewa leseni na NEMA.

JAMBO LA NNE: CHOO KIKO WAPI?

Mama, usione haya kulisema hili mkutanoni. Choo kisiachwe hadi mwisho, fedha zikiwa zimekwisha.

Choo cha shimo kiwe angalau meta 30 kutoka kwenye kisima au pahali pa kuchota maji, na kiwe upande wa chini wa mteremko, si wa juu. Huku kwetu vilima ni vikali, na kilicho juu huteremka. Wekeni bomba la hewa linalopita juu ya paa la choo, likiwa na wavu wa nzi juu yake. Ndani kuwe na giza kidogo. Nzi aliye shimoni hufuata mwanga wa bomba, hukwama kwenye wavu, hufa humo. Harufu nayo hutoka kupitia bomba. Hii ni kazi ya fundi wa kawaida, haitaki umeme wala mashine.

Choo cha wanawake kiwe na mlango unaofungwa kwa ndani, na chombo chenye kifuniko cha sodo. Kuwe na tundu dogo la watoto, wasiogope kutumbukia. Njia ya kuingilia iwe mteremko laini wa kupitisha kiti cha magurudumu. Kipimo chake ni hiki: kwa kila sentimita 1 ya kupanda, uende sentimita 12 mbele. Mteremko huo utamfaa pia nyanya mwenye magoti mabovu, na mama mwenye mimba kubwa. Na nje ya mlango kuwe na kibuyu chirizi na sabuni. Choo bila maji ya kunawa ni kazi nusu.

JAMBO LA TANO: MOSHI, RANGI NA CHUMBA CHA KUNYONYESHA

Kila ofisi ya kikundi ina jikoni ya chai, hata kama ni mawe matatu nyuma ya nyumba. Moshi wa kuni ni adui wa mapafu ya watoto, nao huongeza hatari ya nimonia. Jengeni jiko la udongo linalotumia kuni kidogo, lenye dohani ya kutoa moshi nje. Kwa mwanga wa jioni tumieni sola badala ya taa ya mafuta. Taa ya mafuta hutoa moshi na huunguza, na mtoto anaweza kuyanywa mafuta akidhani ni maji.

Rangi nayo ina maneno. Baadhi ya rangi za mafuta huwa na madini ya risasi. Mtoto huchokoa rangi iliyobambuka, hutia mkono mdomoni, na risasi huingia mwilini. Risasi huharibu ubongo unaokua, na hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Kiwango kilichowekwa nchini ni kwamba risasi isizidi sehemu 90 katika kila sehemu milioni moja ya rangi. Basi nunueni mkebe ulioandikwa kuwa hauna risasi, wenye alama ya ubora ya KEBS. Msinunue rangi ya kupimiwa kwenye chupa isiyo na jina.

Na kuna jambo moja ambalo fundi hatalikumbuka usipomkumbusha. Ni chumba cha kunyonyesha. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inawataka waajiri waweke pahali pa akina mama kunyonyesha au kukama maziwa kazini. Kama kikundi chenu kitaajiri hata karani, jambo hili linawahusu. Hakihitajiki chumba kikubwa. Panatosha kiti chenye kuegemea, pazia, dirisha la hewa, maji ya kunawa na meza ndogo. Pasiwe chooni. Mtoto anahitaji maziwa ya mama pekee miezi sita ya kwanza, na mama asilazimike kuchagua kati ya mtoto na kazi.

WAKATI WA UJENZI

Siku za ujenzi zenyewe zina hatari. Zungusheni uzio wa miti au kamba ili watoto wasiingie. Shimo la msingi na la choo yafunikwe kila jioni, kwani mvua moja hulijaza shimo na mtoto hufa maji pale pale. Mapipa ya maji ya ujenzi yafunikwe, mbu wasizaliane. Saruji huchoma ngozi, hivyo asiyevaa viatu asikanyage zege, na mama mwenye mtoto mgongoni asikae penye vumbi la saruji.

Miti iliyopo isikatwe ovyo. Kata ule tu uliosimama palipopimwa ukuta. Kisha pandeni mingine: mwembe wa kivuli na matunda, mwarobaini, mkwaju. Mkaratusi usiupande karibu na chemchemi, maana hunywa maji mengi. Na yale maji yanayotoka uani yaongozwe kwa mtaro hadi kwenye matuta, yasichimbe korongo katika shamba la jirani aliye chini.

SASA UFANYE NINI WIKI HII?

Utasema, mimi si fundi, nitaanzaje? Huhitaji kuwa fundi. Unahitaji maswali. Mwambie mwenyekiti wa kikundi chenu kwamba kabla ya kutoa fedha ya kwanza, ramani ibandikwe ukutani na isomwe kwa wanachama wote. Mwalikeni afisa wa afya ya umma aione, kwa kuwa ni kazi yake kukagua mipango ya majengo na vyoo. Kisha wewe simama uulize:

Mchanga utatoka wapi, na kibali kiko wapi?
Upepo utaingilia wapi, na utatokea wapi?
Maji ya paa yataenda kwenye tangi gani?
Choo kiko meta ngapi kutoka kisimani?
Mama atanyonyesha wapi?

Maswali matano tu. Yakipata majibu mazuri, mna ramani nzuri. Yakikosa majibu, rudisheni ramani kwa fundi. Hilo si tusi kwake. Kufuta mstari kwenye karatasi hakuna gharama, na wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.

Labda ofisi mnayoijenga itakuwa ndogo, chumba kimoja na baraza. Haidhuru. Maswali ni yale yale, hata kwa nyumba yako mwenyewe unayopanga kuongeza chumba.

Mweleze na jirani yako ambaye hakusikia kipindi hiki.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Katika mto wenu, mchanga umepungua au umeongezeka tangu ulipokuwa msichana? Maji je?
2. Pimeni paa la jengo mnalokutania. Kila milimita 10 za mvua zingewapa lita ngapi?
3. Nendeni pamoja mkapime hatua kati ya choo na kisima kilicho karibu. Je, choo kiko juu au chini ya kisima?
4. Ni nani katika kikundi chenu atakayepeleka maswali matano kwa kamati, na lini?